Shahidi Katika Damu: Somo Juu ya Kingamwili za Maabara

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wafikapo kwenye sura ya damu, swali lao huwa ni lile lile mwaka baada ya mwaka. Ikiwa damu ina protini za aina nyingi sana, na zote zimeyeyuka pamoja kama sukari katika chai, mtaalamu huijuaje moja kati yake na kuipima? Kitabu chetu hujibu kwa mstari mmoja tu: hutumia kingamwili. Jibu hilo ni la kweli, lakini limekunjwa mno. Mhariri amenipa kurasa chache katika toleo la muhula huu, nami nitazitumia kulikunjua. Wazazi ambao hawakupata kusoma Bayolojia wasiyaruke makala haya. Nitajitahidi kueleza kila neno geni.

Tuanze na kile kitafutwacho. Seli za mwili hupelekeana habari. Baadhi ya habari hupita katika mishipa ya fahamu, lakini nyingine huchukuliwa na protini ndogo ambazo seli moja huzitoa nje, zikasafiri katika damu au katika majimaji yaliyo baina ya seli, mpaka zifike kwenye seli nyingine yenye mlango wa kuzipokea. Protini za namna hiyo nitaziita wajumbe. Insulini ni mjumbe ajulikanaye sana: kongosho huitoa tumalizapo kula, nayo huiamuru misuli na mafuta ya mwili ivute sukari kutoka katika damu.

Shida ni uchache wake. Mtu ambaye hajala tangu usiku huwa na chini ya nanogramu moja ya insulini katika kila mililita ya majimaji ya damu, na nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Katika mililita hiyo hiyo mna protini nyingine iitwayo albumini, kiasi cha miligramu 40 hivi. Ukifanya hesabu utaona kwamba albumini huizidi insulini kwa uzito karibu mara milioni 100. Hakuna mizani wala chujio la kawaida litakalomtoa mjumbe huyo katika msongamano ule. Anatakiwa shahidi amjuaye kwa sura.

Shahidi huyo ndiye kingamwili. Kingamwili nayo ni protini, na hutengenezwa na seli fulani nyeupe za damu mwili uingiliwapo na kitu kigeni. Umbo lake ni kama manati: mpini mmoja na panda mbili, na kwenye ncha ya kila panda pana kishimo kinachoshika kijipande fulani cha yule mgeni, kama kufuli na ufunguo wake. Wengi wetu tumekwisha kuziona zikifanya kazi bila kujua. Kile kipimo cha haraka cha malaria kitumiwacho katika zahanati kina mstari wa kingamwili zilizotandazwa kwenye karatasi, nazo hukamata protini ambayo vijidudu vya malaria huitoa katika damu ya mgonjwa.

Mtaalamu atakaye kingamwili ya kumkamata mjumbe wa binadamu humdunga sungura, mbuzi au panya protini ya mjumbe huyo. Mwili wa mnyama huiona ni ngeni, ukaanza kutengeneza kingamwili. Baada ya wiki kadhaa huchukuliwa damu kidogo, kingamwili zikatolewa humo na kutiwa katika kichupa. Kichupa hicho ni kidogo kuliko kidole gumba na huuzwa ghali. Aghalabu huandikwa juu yake maneno "kwa utafiti tu", maana yake kisitumiwe kumpima mgonjwa na kumwamulia dawa. Mnyama naye huchaguliwa kwa akili. Insulini ya nguruwe na ya ng'ombe zafanana sana na yetu, ilhali ya simbilisi ina tofauti nyingi. Ndiyo sababu simbilisi akidungwa mojawapo ya hizo, mwili wake huzikataa kwa nguvu na kutoa kingamwili kali.

Waliotuonyesha kwamba kwa njia hii mjumbe mchache hivyo aweza kupimwa ni Bibi Rosalyn Yalow, mwanafizikia, na Daktari Solomon Berson, katika hospitali ya askari wa zamani iliyoko Bronx, New York. Maabara ya kwanza ya Bibi Yalow ilikuwa chumba cha mfagizi. Wawili hawa waliona kwamba wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakidungwa insulini ya wanyama walikuwa na kingamwili za kuishika. Wakubwa wa wakati ule hawakusadiki, kwa kuwa iliaminiwa kwamba insulini ni ndogo mno kuweza kuamsha kingamwili. Makala yao yalikataliwa, na yalipochapwa hatimaye mwaka 1956 ilibidi neno "kingamwili" liondolewe katika kichwa cha habari. Bibi Yalow aliitunza barua ya kukataliwa. Mwaka 1977 alipopewa Tuzo ya Nobel aliionyesha katika hotuba yake. Daktari Berson alikuwa amefariki mwaka 1972, na tuzo hiyo hawapewi marehemu.

Njia yao, waliyoieleza kwa ukamilifu mwaka 1960, yafaa kila mwanafunzi aielewe, maana ni ya werevu mkubwa na hesabu yake ni nyepesi. Fikiri basi lenye viti 20. Viti ndivyo kingamwili. Waingize wanafunzi 20 wenye kofia nyekundu, wote watakaa. Hawa ndio insulini iliyotiwa iodini yenye kutoa mnururisho, ambayo mashine huweza kuihesabu. Sasa waingize pamoja nao wanafunzi wengine 20 wasio na kofia, wagombee viti vile vile. Ukichungulia dirishani utaona kofia nyekundu kama 10 tu zimeketi. Wasio na kofia huwezi kuwahesabu, lakini upungufu wa kofia nyekundu umekwambia idadi yao. Insulini ya mgonjwa ndiyo isiyo na kofia. Kadiri ilivyo nyingi, ndivyo nyekundu inavyokosa viti.

Baadaye mambo yalirahisishwa. Mwaka 1971 Eva Engvall na Peter Perlmann huko Stockholm walitumia kimeng'enya kinachobadilisha rangi mahali pa mnururisho, na njia hiyo, iitwayo elisa, ndiyo itumiwayo sana mpaka leo. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, waliunganisha seli ya panya itengenezayo kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kugawanyika, wakapata uzao wa seli utoao kingamwili ya namna moja tu bila kikomo. Kabla ya hapo, sungura akifa, kingamwili yake ilikwisha pamoja naye, na sungura wa pili hakutoa ile ile. Hata leo kingamwili nyingi za sungura huuzwa kwa mafungu, na fungu jipya halina budi kupimwa upya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niombe kurasa hizi. Kingamwili haimtazami mjumbe mzima. Hushika kijipande tu, asidi amino chache juu ya ngozi yake. Mfikirie mtoto aliyetumwa uwanjani siku ya Idi akamwite mjomba wake, akaambiwa alama moja tu: amevaa kanzu nyeupe. Atarudi na mtu, hapana shaka, tena atarudi mbio na uso wa furaha. Ila mtu huyo huenda si mjomba. Mtoto hakusema uongo. Alama aliyopewa ndiyo iliyokuwa ya watu wengi.

Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Amy Wagers na Richard Lee, walitangaza habari iliyosisimua watu. Walikuwa wameunganisha panya mzee na panya kijana ili damu yao izunguke pamoja, na baada ya wiki nne moyo wa yule mzee, uliokuwa umenenepa kwa umri, ukapungua unene. Wakatafuta ni mjumbe gani katika damu ya kijana aliyefanya kazi hiyo. Vipimo vyao, kingamwili ikiwa mojawapo, vilielekeza kwa mjumbe aitwaye GDF11. Walisema amejaa katika damu ya panya vijana na hupungua kadiri panya anavyozeeka. Walipowadunga panya wazee protini hiyo, waliona moyo ukirudi nyuma. Mwaka 2014 zikafuata habari kwamba hufaa pia kwa misuli na kwa ubongo. Si ajabu magazeti yalianza kuzungumza juu ya damu inayorudisha ujana. Nani asiye na mzazi au babu ambaye angependa apate habari hiyo?

Lakini GDF11 ana ndugu. Ndugu huyo anaitwa mayostatini, na aligunduliwa mwaka 1997 na Alexandra McPherron, Se-Jin Lee na mwenzao katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kazi yake ni kuizuia misuli isikue kupita kiasi. Panya aliyeondolewa mayostatini huwa na misuli mara mbili au zaidi ya kawaida, na ng'ombe wa Ubelgiji wale wenye mapaja yaliyovimba kama magunia wana hitilafu katika jeni hiyo hiyo. Ndugu hawa wawili, wakiisha kukomaa, kila mmoja ni mnyororo wa asidi amino 109 uliofungwa na mwenzake wa pili. Katika hizo 109, zinazotofautiana ni 11 tu. Tena katika damu mayostatini ndiye mwingi kuliko GDF11.

Msomaji amekwisha kuiona hatari. Mwezi Mei mwaka 2015 wataalamu wa kampuni ya Novartis, Cambridge, Massachusetts, walifanya jaribio ambalo hata sisi katika maabara ya shule tungeweza kulipanga, kama tungekuwa na vifaa. Walichukua GDF11 safi na mayostatini safi, wakaipa ile kingamwili kila mmoja peke yake. Ikawashika wote wawili. Basi kile kilichoonekana kupungua kwa umri kingeweza kuwa mayostatini, au jumla ya ndugu wote wawili. Kwa kipimo kingine Novartis waliona dalili kwamba GDF11 huelekea kuongezeka kwa umri, na kwamba ikizidi huzuia misuli kujitengeneza baada ya kuumia. Yaani kinyume kabisa cha habari ya kwanza!

Watu wa Harvard hawakunyamaza, na hapa kisa kinazidi utamu. Mwaka ule ule walijibu kwamba mstari ambao Novartis waliupima haukuwa GDF11 wala mayostatini. Naomba nieleze mstari huo ni nini. Protini za damu huvutwa kwa umeme ndani ya utelezi mgumu kiasi, zile ndogo zikaenda mbali na zile kubwa zikabaki nyuma. Kisha huhamishiwa kwenye utando, nao huoshwa kwa kingamwili. Mahali kingamwili iliponasa huonekana mstari. GDF11 mzima ana uzito wa kiasi cha daltoni 25,000. Sasa, kingamwili za asili zilizomo katika damu yetu sote zina vipande ambavyo uzito wake ni daltoni 25,000 vilevile. Mstari ukaangukia mahali pale pale. Shahidi alitumwa kumtafuta mtuhumiwa, akamshika askari mwenzake.

Katika mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, waliwadunga panya wazee GDF11 tena, wala hawakuona moyo ukipungua unene. Mwaka 2016 watu wa Mayo Clinic waliamua kuacha kutegemea kingamwili katika kuwatenganisha ndugu hawa. Walizikata protini vipande vipande, wakavipima vipande hivyo kwa spektrometa, mashine ambayo huitambua molekuli kwa uzito wake. Kipande chenye asidi amino tofauti kina uzito tofauti, kwa hiyo ndugu hawawezi kujificha mmoja nyuma ya mwingine. Katika damu ya watu waliopimwa, GDF11 haikuonekana kupungua kwa umri. Iliyopungua ni mayostatini, na hiyo kwa wanaume. Tafiti nyingine zilionyesha kwamba panya akipewa GDF11 nyingi hukonda.

Sisemi kwamba wataalamu wa kwanza walidanganya, wala mtu asinielewe hivyo. Swali la damu changa na mwili mzee ni swali halali, na lingali likifanyiwa kazi. Ninalosema ni kwamba dawa ambayo watu wangeipokea kwa mikono miwili, na ambayo huenda ingewadhoofisha wazee badala ya kuwatia nguvu, ilisimama juu ya ushahidi wa kichupa kimoja ambacho hakikuwa kimesailiwa vya kutosha. Fedha na miaka vilipotea. Na kama dawa ingewahi kuwafikia watu kabla ya mabishano, gharama ingekuwa nyingine kabisa.

Basi shahidi husailiwaje? Kwanza huonyeshwa ndugu zake mtuhumiwa, mmoja mmoja, kama walivyofanya Novartis. Jambo hili ni jepesi, na kwangu mimi ndilo la kushangaza kwamba huachwa mara nyingi. Pili, huonyeshwa damu ambayo mtuhumiwa hayumo kabisa. Siku hizi wataalamu huweza kuondoa jeni ya protini moja katika panya au katika seli zinazokuzwa kwenye sahani. Ikiwa kingamwili bado yasema "nimemwona", basi imemwona mwingine. Kwa GDF11 njia hii ina ugumu wake, kwa sababu panya asiye na jeni hiyo hufa ndani ya siku moja baada ya kuzaliwa, hivyo huwezi kupata damu ya mzee asiye na GDF11. Lakini panya asiye na mayostatini huishi, na damu yake ni ya thamani kubwa kwa kazi hii.

Tatu, wachukuliwe mashahidi wawili, kila mmoja ajuaye alama tofauti. Katika elisa nyingi hufanywa hivyo: kingamwili ya kwanza hubandikwa chini ya kishimo, ikamkamata mjumbe, na ya pili, yenye kimeng'enya, humshika upande wake wa juu. Rangi haitokei mpaka wote wawili wakubaliane. Pia mtaalamu mwangalifu hutia kiasi anachokijua. Kama damu ilisoma 3, naye akatia 5, hana budi kusoma 8 au karibu yake. Akisoma 4, kuna kitu katika damu kinachoizuia kingamwili, na hesabu zake zote za siku ile zina mashaka. Mwaka 2016 kundi la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilichapisha katika jarida la Nature Methods njia tano za kuthibitisha kingamwili, na kupima kwa njia isiyotumia kingamwili kabisa, kama walivyofanya Mayo Clinic, ni moja katika hizo.

Kosa laweza pia kwenda upande wa pili, shahidi akakosa kumwona aliyepo. Kwetu sisi hili lina uzito. Kipimo cha haraka cha malaria nilichokitaja hapo juu hutegemea protini moja ya vijidudu, na huko Peru, kisha Eritrea, walipatikana vijidudu vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Mgonjwa alikuwa na malaria, na karatasi ikasema hana. Ikabidi Eritrea ibadili aina ya vipimo.

Mwisho nawaachia Kidato cha Tatu na cha Nne zoezi. Tafuteni kwanza ni asilimia ngapi ya asidi amino za GDF11 na mayostatini zinazofanana. Kisha chukueni namba hizi, ambazo nimezibuni kwa ajili ya zoezi tu: kijana ana mayostatini 5 na GDF11 1; mzee ana mayostatini 3 na GDF11 1. Kingamwili inayowashika wote wawili sawasawa itasoma ngapi kwa kila mmoja? Mtu anayeamini kwamba kingamwili yake hushika GDF11 peke yake atasema GDF11 imepungua kwa asilimia ngapi, na ukweli ni upi? Halafu pangeni jaribio moja, kwa kutumia damu ya panya asiye na mayostatini, ambalo lingemwonyesha mtu huyo hali halisi. Majibu yaandikwe katika madaftari, si katika vikaratasi, na yaletwe chumba cha walimu wa sayansi kabla ya wiki ya mitihani.